Jicho la Kukhu Lilipotulia

Nilipokuwa darasa la tatu, nyanya yangu mzaa baba aliletwa Nairobi kutibiwa macho, akakaa nasi Mbotela katika chumba chetu kimoja cha nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji. Tulimwita Kukhu, kama Wabukusu wanavyowaita nyanya zao. Alikuja kutoka Bungoma na mfuko wa njugu, kuku aliyefungwa miguu, na Kibukusu chake. Kiswahili hakukijua, isipokuwa maneno machache ya sokoni na ya kanisani. Mama yangu, Wambui, ni Mkikuyu wa Murang'a. Yeye na baba walikutana hapa hapa Eastlands, wakapendana kwa Kiswahili, wakanilea na kunigombeza kwa Kiswahili, na mama hakuwahi kukihitaji Kibukusu mpaka siku mama mkwe alipoingia na kuketi kwenye kiti cha karibu na dirisha.

Mkalimani wao alikuwa baba. Aliitwa Wanjala, na kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti na madirisha kule Kariobangi. Jioni aliporudi, akiwa bado ananuka chuma kilichoungua, ndipo mazungumzo yalipoanza. Mama akisema, "Mwambie mama asiteme mate kwenye beseni la vyombo," baba alitoa maneno mengi ya polepole, na Kukhu akacheka na kumpigia mama makofi madogo ya shukrani. Kukhu naye alipomaliza kula akasema jambo kwa sauti kavu, kidevu kikielekea sufuriani, baba alimgeukia mama akamwambia, "Anasema chakula ni kitamu."

Mama hakuwa akimtazama baba. Alikuwa akimtazama Kukhu.

"Sawa," alisema. "Mwambie kesho nitaongeza chumvi."

Baba alidhani anawalinda wasigombane. Nilivyokua nikaja kufahamu kwamba wale wanawake wawili walijua wanadanganywa, na walimwachia kwa sababu walimpenda. Kazi yao halisi waliifanya mchana, yeye akiwa hayupo.

Jicho moja la Kukhu lilikuwa limefunikwa pamba na plasta baada ya kupasuliwa, na lile jingine liliona ukungu tu. Kwa hiyo alimsoma mama kwa masikio. Sufuria ikiwekwa chini kwa kishindo, alijikunyata na kunyamaza. Ikiwekwa taratibu, alinyoosha miguu. Mama naye alijifunza kumgusa bega kabla ya kumkabidhi kikombe, asije akashtuka na kujimwagia chai. Alijifunza pia kwamba Kukhu alikuwa na "mmh" mbili. Ile iliyopanda ilikuwa swali, na ile iliyoshuka ilikuwa mwisho wa maneno. Nikirudi kutoka shule niliwakuta wakichambua mboga, goti kwa goti, bila neno, na bado nilijiona kama niliyewakatiza katikati ya mazungumzo.

Siku moja plasta ikatolewa hospitalini, na muda si mrefu lile jicho likaanza kucheza.

Pale mtaani kila mtoto aliijua habari hii: kope ya juu ikicheza, utamwona mgeni, ya chini ikicheza, utalia. Sijui imani hii ilianzia kwa nani. Nimewasikia Wakikuyu wakiisema, na Waluhya, na Wakamba, kila mmoja akiizungumzia kama kitu cha kwao nyumbani. Sisi watoto tuliifanyia mzaha. Mtu akicheza jicho darasani, wenzake walimwambia, "Wewe leo utachapwa, niamini," na mara nyingi alichapwa, kwa kuwa siku hizo hatukukosa kuchapwa.

Asubuhi hiyo nilikuwa nafunga vifungo vya yunifomu. Baba alikuwa nje akinawa mferejini. Kukhu aliita, "Wambui," akilivuta lile jina mpaka likawa refu kuliko tulivyozoea, na mama akaacha chai. Kukhu akapapasa hewani akaupata mkono wake, akachagua kidole kimoja, akakiweka chini ya jicho lake.

Nilimwona mama akituliza mabega, kama mtu anayesikiliza mlango unaobishwa mbali. Kisha akautoa mkono wa Kukhu ulipokuwa umemshika, akauinua mpaka usoni pake mwenyewe, akakipitisha kidole cha Kukhu shavuni kutoka kope mpaka kidevuni, mahali machozi yanapopita. Alikuwa anauliza. Kukhu alikijibu kile kidole kwa "mmh" ya kushuka.

Baba alipoingia na taulo shingoni, mama alimwambia, "Jicho la mama linacheza chini."

"Nani amekwambia?"

"Yeye."

"Kwa lugha gani?"

"Amenionyesha."

Baba alicheka. Alisema ni zile dawa za matone, na kwamba daktari aliwaonya jicho litasumbua kidogo. Kisha akamweleza Kukhu kwa Kibukusu, kwa upole, akimshika bega. Kukhu alimsikiliza mpaka mwisho.

Jicho liliendelea kucheza siku hiyo, na kesho yake, na siku zilizofuata. Kila asubuhi kabla ya chai mama alikwenda dirishani kuweka kidole. Aliacha kuimba. Alipopigiwa simu na dada yake wa Murang'a, aliuliza kwanza, "Wote wazima?" kabla ya salamu. Mimi alinikataza kuvuka Jogoo Road na wenzangu, akawa ananipeleka shule mwenyewe, akinishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma. Alikuwa anatafuta ni upande gani machozi yangetokea, aende akauzibe.

Baba akachoka na habari hiyo. "Mtaniletea balaa kwa kulifikiria," alisema, na kwa mara ya kwanza sikumwona akitabasamu alipomtafsiria mama yake.

Kisha, asubuhi moja ya mvua, mama akaweka kidole na kope ikawa imetulia. Alingoja. Akabadilisha kidole, akangoja tena. Akageuka na uso wake ukafunguka, nikamsikia akivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo. "Limetulia," alimwambia baba.

"Nilikwambia ni dawa."

Lakini Kukhu alikuwa bado anakishikilia kile kidole. Alikibana pale pale kwenye kope iliyonyamaza, akakigandamiza, kama mwalimu anayemrudisha mwanafunzi kwenye mstari alioruka. Mama alimpapasa mkono akacheka kidogo, akimwambia kwa Kiswahili kwamba ni sawa, mama, ni sawa sasa. Kukhu akakiachia. Aligeuza uso ukutani.

Baba alipoinama kumuaga, Kukhu alimshika kifundo cha mkono. Baba alibaki ameinama hivyo, mkono mmoja umeshikwa, mwingine una kofia, akitutazama sisi kwa aibu kidogo. Kisha akamfungua vidole kwa upole, kimoja baada ya kingine, akatoka mvuani.

Mengi nimeyasamehe katika maisha, lakini asubuhi hiyo sijui nimsamehe nani. Kwa mama, jicho kutulia maana yake hatari ilikuwa imepita. Kwa Kukhu, kama tulivyoambiwa baadaye, jicho hutulia jambo likiwa limekwisha kufika mlangoni. Kidole kilikuwa kimoja, na kope ilikuwa moja. Hata hivyo kila mmoja alipokea habari yake, na mtu wa kumuuliza kila mmoja amesikia nini alikuwa ameshavaa kofia na kwenda.

Mchana nilirudi kutoka shule nikamkuta mama anapika maharagwe kwenye jiko la makaa, mlangoni, mahali moshi unapopata njia. Alikuwa anaimba. Mvua ilikuwa imekatika. Wanaume wawili wakaja wakipita kati ya kamba za nguo. Mmoja nilimjua: mzee Kariuki, mwenye karakana alipofanya kazi baba. Alivua kofia angali mbali. Alipomfikia mama hakumpa mkono. Alimshika kiwiko, kwa mikono miwili, ndipo akaanza kusema kwa Kikuyu.

Kikuyu sikukijua. Katika maneno yote yale nilinasa moja tu, stima, yaani umeme, na sikuhitaji la pili. Nilijua kwa jinsi mama alivyotazama viatu vya yule mzee, akavitazama na kuvitazama, kama kwamba habari ilikuwa imeandikwa hapo chini. Baba alikuwa amepigwa na stima ya mashine ya kuchomelea, sakafu ikiwa na maji. Hospitali walimfikisha akiwa ameshakata roho.

Jirani yetu Mama Nafula, Mbukusu, mke wa mfanyakazi wa reli, alikuwa amesimama mlangoni pake akaelewa naye. Alimwendea mama akamshika. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ngoja niingie nimwambie mama kwa lugha yake."

"Hapana," mama alisema.

"Utamwambiaje, Wambui?"

"Mimi ndiye mke wa mwanawe. Hataambiwa na mtu mwingine."

Ndani, Kukhu alikuwa amesikia sauti za wanaume. Nilimwona amekaa wima kwenye kiti, uso umeelekea mwanga wa mlango. Mama aliinama akaiinua sufuria ya maharagwe, akaiweka kando. Akachota maji kwenye ndoo, akayamwaga juu ya makaa.

Sijawahi kumuuliza kama alikusudia iwe ishara au kama mikono yake ilijiendea tu. Moto ulilia. Moshi na majivu vikaingia chumbani mpaka kitandani, na katikati ya ule mvuke nikamsikia Kukhu akisema jina, kwa sauti iliyopanda.

"Wanjala?"

Moto wa chakula hauzimwi maharagwe yakiwa mabichi. Hilo halihitaji mkalimani, Bungoma wala Murang'a. Mama alipita katikati ya moshi, akaketi sakafuni mbele ya kiti, akaushika mkono wa Kukhu na kuufunika usoni pake. Hakutoa sauti. Mkono ule uliendelea kushuka na kupanda juu ya uso wa mama, juu ya macho, juu ya mdomo uliofungwa, ukiuliza na kujibiwa, mpaka ukasimama.

Kisha Kukhu akasimama, akatupa kitambaa cha kichwa, akatoka nje akipapasa ukuta, na pale kwenye uchochoro wa nyumba za kanjo akaanza kulia kilio cha kwao. Alimwita mwanawe kwa majina yake yote, akitembea huku na huku kati ya kamba za nguo, mikono kichwani. Watu walitoka ploti nzima. Vijana waliokuwa wakisikiliza redio kwenye kona wakaizima, mmoja akavua kofia. Mama alimfuata nyuma hatua kwa hatua asije akaanguka, na mdomo wake ulikuwa bado umefungwa.

Ulibaki umefungwa mpaka Bungoma. Hapo ndipo shida ya pili ilipotukuta.

Kwao mama, Murang'a, watu wa zamani walifundishwa kumezea msiba. Mtu mzima halii mbele za watu. Kwao baba, Bungoma, mfiwa asiyelia kwa sauti anatazamwa vibaya, na mjane ndiye anayetazamwa kuliko wote. Mama alikaa chini karibu na jeneza, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi, bila sauti. Wanawake waliingia wakilia, wakamzunguka, wakangoja aitikie. Hakuitikia. Nilianza kusikia minong'ono ambayo maneno yake sikuyaelewa, lakini maana niliielewa. Watu walikuwa wakisema huku wametazama kando, kisha macho yao yakirudi kwa mama kwa pamoja, yanashuka kwangu, yanaondoka.

Dada yake baba, shangazi Rispa, ndiye aliyesema kwa Kiswahili ili mama asikie.

"Mwanamke asiyemlilia mumewe anajua alivyokufa."

Mama Nafula, aliyekuwa amesafiri nasi, alisimama. "Rispa, mume wake amepigwa na stima kazini. Mnataka nini zaidi?"

"Stima inaweza kutumwa," alisema shangazi.

Watu walinyamaza. Nilikuwa mdogo lakini nilijua neno hilo lingeweza kutufukuza pale kabla hata kaburi halijafunikwa, na lingeweza kunitenga mimi na mama, maana mtoto ni wa kwao. Nilimkaribia nikashika ukingo wa sketi yake.

Kukhu alikuwa ameketi upande wa pili na wazee wenzake. Sidhani alikuwa ameyasikia maneno. Aliusikia ule ukimya uliofuata. Akainuka akauliza jambo, akajibiwa, akachukua fimbo na kuja. Hakuna aliyemsaidia, kwa sababu hakuna aliyejua anakwenda kufanya nini. Alipotufikia alipapasa kichwa changu kwanza, akanisogeza, akajishusha mpaka akakaa chini kando ya mama, bega kwa bega. Akamwondolea kitambaa usoni. Mbele ya wote wale akaupitisha mkono wake juu ya uso wa mama, polepole, kama alivyofanya Mbotela. Kisha akaufuta mkono kifuani, kwenye nguo yake, na alama ya maji ikabaki pale kwenye kitambaa cheusi, kila mtu akaiona.

Alisema maneno machache, bila kupaza sauti. Nilimgeukia Mama Nafula.

"Anasema huyu analia kwa ndani," alininong'oneza, "na kwamba yeye amekuwa akimsikia tangu Nairobi."

Shangazi Rispa alitazama chini. Hakuomba radhi, si siku ile wala baadaye, na mpaka leo hajawahi kutupigia simu. Lakini hakuna aliyerudia lile neno. Kukhu alikaa pale pale mpaka tulipokwenda kaburini, na walipoanza kurusha udongo alikuwa amemshika mama mkono, yeye akilia kwa niaba ya wawili.

Tulirudi Mbotela bila yeye. Jicho lile halikupona vizuri, na hapakuwa tena na mtu wa kumpeleka hospitali na kumletea maneno ya daktari. Mama alipata kazi ya kushona sare za shule. Jumapili, baada ya kanisa, alimpigia Kukhu kupitia simu ya baba mdogo, ndugu yake baba aliyekuwa Bungoma. "Mulembe, mama," alisema, salamu ya Kibukusu. "Wambui," alijibiwa. Baada ya hapo walikuwa wamemaliza maneno yote waliyokuwa nayo pamoja. Simu haina bega la kugusa wala sufuria ya kuwekwa chini. Walikaa wakisikilizana wakipumua, kuku wa Bungoma wakilia kwa mbali, mpaka muda wa maongezi ukaisha.

Kukhu alikuja kufa nikiwa sekondari. Baba mdogo alipiga simu siku ya kazi, mchana, akaanza na salamu: hali ya hewa, shule, afya yangu, afya ya majirani. Zilikuwa ndefu mno. Mama aliweka simu juu ya cherehani baba mdogo angali anasalimia, akatoka nje.

Nilifikiri anakwenda kumeza, kama kawaida yake. Nikamsikia kutoka uchochoroni. Mwanamke wa Murang'a, ambaye hata mumewe hakumlilia kwa sauti, alikuwa ameweka mikono kichwani, anatembea huku na huku, analia kilio cha Kibukusu, akimwita mama mkwe wake kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. Maneno hakuyajua. Aliweka jina tu, na pale yalipopaswa kuwa maneno aliweka sauti.

Sasa mimi nimeolewa, nakaa mtaa wa Tena, na mwanangu hajui Kikuyu wala Kibukusu. Nimesoma kwamba kope hucheza kwa uchovu na kwa dawa, na huenda baba alisema kweli. Sibishani na hilo. Ninachokumbuka ni watu wawili walioachwa bila mkalimani, jinsi walivyosikilizana mpaka wakakosea, na baada ya kukosea vile bado hawakuacha kusikilizana. Siwajui watu wengi wanaozungumza lugha moja ambao ningeweza kusema hivyo juu yao.

Jioni ile, sauti ilipomkauka, nilimletea mama maji, nikamuuliza kwa nini amelia namna ile, yeye ambaye kwao hawalii.

Alikunywa kwanza.

"Macho hakuwa nayo," alisema. "Ningenyamaza, angenijuaje?"